Maganda ya risasi yanayogoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojaza upya

Maswali haya hurudi kila Oktoba, msimu wa kulungu unapokaribia na watu kuanza kukung'uta makopo ya maganda yaliyolala kabatini mwaka mzima. Wengi wanaouliza ni Wakenya, Watanzania na Wakongomani wanaoishi Marekani, waliojifunzia huku kuwinda na kujaza risasi, yaani kulitia ganda lililokwishapigwa fataki, baruti na kichwa vipya. Wachache ni wawindaji wa nyumbani wenye bunduki kubwa za .375. Humu hamna kipimo hata kimoja cha baruti. Kipimo hicho hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa. Usikipokee kwa mtu wa mtandaoni, hata akiwa mjomba wako.

## Mambo ya msingi

Ganda, fataki, kichwa, kitako: kipi ni kipi?

Risasi nzima ina vitu vinne. Ganda ni kile kikopo cha shaba. Fataki ni kidonge cha kuwashia kilichopachikwa chini yake (si yule Fataki wa matangazo ya redio Tanzania, ingawa naye hakuwa wa kuchezewa). Baruti iko tumboni. Kichwa ndicho kipande kinachoruka.

Ganda lenyewe lina kitako, ambacho ndicho sehemu nene ya chini yenye ukingo unaokamatwa na ukucha wa bunduki. Juu ya kitako kuna mwili, kisha bega, shingo na mdomo. Maganda mengi ya bastola yamenyooka tu, hayana bega wala shingo, na ndiyo maana matatizo yake ni tofauti.

Ganda lina kazi gani zaidi ya kubeba baruti?

Ganda ni gasketi. Fundi wa magari ataelewa mara moja. Risasi ya .308 Winchester inaruhusiwa kufikia shinikizo la pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, na tairi ya gari dogo ina kama 32. Kati ya moto huo na shavu lako kuna chuma cha bunduki, lakini kinachozuia gesi isirudi nyuma ni shaba. Baruti ikiwaka, kuta za ganda hutanuka, hugota ukuta wa chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa) na kuziba. Shinikizo likishuka, hunywea kidogo ili ganda litoke.

Karibu kila tatizo lililoandikwa hapa chini ni ganda lililoshindwa moja ya hayo mawili: kutanuka bila kupasuka, au kunywea vya kutosha.

Kwa nini shaba ya manjano?

Kwa sababu inanyumbuka na kurudi. Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Kiwandani hukatwa kama kikombe kifupi, kisha huvutwa mara kadhaa hadi kikawa kirefu, na kila mvuto huikaza. Mwishoni kitako huachwa kigumu, shingo na bega hulegezwa kwa moto. Hiyo rangi ya bluu na kahawia unayoiona shingoni mwa ganda jipya ni alama ya moto huo. Si uchafu, usiisugue ukidhani umeuziwa mtumba.

Nimeokota maganda uwanja wa shabaha. Yote yanajazika?

Hapana. Pitisha sumaku kwanza. Yanayonasa ni ya chuma, yaweke kando. Ya alumini ni mepesi na yana rangi ya sufuria; nayo weka kando.

Kisha chungulia ndani kwa tochi. Ukiona kitobo kimoja katikati, hilo ni la mtindo wa Boxer na sindano ya kalibu yako (kile chombo cha chuma kinachofungwa kwenye presi na kulibana ganda lirudie umbo lake) itatoa fataki bila shida. Ukiona vitobo viwili vidogo pembeni, hilo ni la Berdan, na sindano yako itavunjika. Cha kuchekesha ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, lakini Wamarekani wakashika mtindo wa Mwingereza, na Ulaya ikashika sana ule wa Mmarekani.

Baada ya hapo soma maandishi ya kitakoni, moja moja. Ganda la .380 hujificha vizuri sana ndani ya ndoo ya 9mm. Maganda yenye hatua ya ndani, kama ngazi ndogo inayozunguka ukuta, mimi huyatupa bila mjadala: pale kwenye ngazi ndipo yanapokatikia.

Ganda moja linajazwa mara ngapi?

Hakuna namba. Ganda la .38 Special, lenye shinikizo dogo, linaweza kukuzeesha. Ganda la .308 la bunduki ya bolti (kile chuma cha nyuma unachokifunga na kukifungua kwa mkono) lililobanwa kwa kiasi laweza kufika mara kumi, na hilohilo ukilitumia kwenye nusu otomatiki usishangae likichoka mara ya tano. Hesabu mizunguko kwa kuandika kwenye kisanduku, lakini uamuzi wa kutupa uutoe kwa kulikagua ganda lenyewe (tazama sehemu ya nyufa na sehemu ya fataki).

## Haliingii, haifungi

Nimejaza vizuri lakini bolti haifungi. Nianzie wapi?

Usianze kwa kupiga bolti kwa kiganja. Anza na ganda tupu, lisilo na fataki wala baruti, lililobanwa kwa kalibu ileile. Lijaribu kwenye chemba. Likiingia kwa ulaini na risasi kamili ikagoma, basi kosa limezaliwa wakati wa kuweka kichwa: ama kichwa kimekaa mbele mno kikagusa mikondo iliyochongwa ndani ya mtutu, ama bega limevimba (tazama swali la bega lililovimba kama pete). Ganda tupu lenyewe likigoma, kosa lilikuwa kwenye kubana au kwenye urefu.

Kisha chukua maka peni, upake ganda hilo tupu lote jeusi, liache likauke, uliingize na kulitoa. Wino utakwanguka pale panapogusa. Mkwaruzo begani: hujabana vya kutosha. Mdomoni: ganda ni refu. Chini karibu na kitako: mwili umevimba. Peni hii ya bei ya chai imenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua kwa pesa nyingi.

Hedispesi ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni umbali kutoka uso wa bolti hadi mahali risasi inapozuiwa isiingie mbele zaidi. Mahali hapo hutegemea aina ya risasi. Kwa .308, .223 na .30-06 ni bega. Kwa .303 ya Mwingereza ni ukingo wa kitako. Kwa 9mm ni mdomo wa ganda. Kwa .375 H&H ni mkanda ulio juu kidogo ya kitako.

Nafasi ikiwa ndogo, bolti haifungi, na hilo angalau unaliona. Nafasi ikiwa kubwa, bolti hufunga kwa raha kabisa, kisha ganda likavutika ndani kila ukipiga. Kwa hiyo risasi inayoingia kwa ulaini mno isikufurahishe.

Maelekezo ya kalibu yanasema niishushe mpaka iguse kishikio cha ganda, kisha nizungushe kidogo zaidi. Ni sawa?

Ukifuata hivyo, risasi yako itaingia kwenye karibu bunduki yoyote, maana maelekezo yaliandikwa ili asiwepo wa kulalamika. Lakini mara nyingi bega husukumwa chini kuliko bunduki yako inavyohitaji, na ganda hulipia.

Njia nzuri ni kupima ganda lililotoka kwenye bunduki yako, kwa kifaa cha kupima begani kinachofungwa kwenye kalipa (kipimio chenye taya cha kupimia urefu na kipenyo), kisha kushusha kalibu kidogo kidogo hadi bega lirudi nyuma inchi 0.001 hadi 0.002 kwa bunduki ya bolti. Kwa nusu otomatiki acha inchi 0.003 hadi 0.005, kwa sababu yenyewe haina mkono wa kukusukumia risasi ikigoma. Kalibu ikishakaa pale, kaza nati yake na usiiguse tena. Nusu ya watu wanaoniuliza kwa nini maganda yao hukatika, jibu lao liko kwenye hii nusu mzunguko ya kalibu.

Maganda yangu yanarefuka. Ni kawaida?

Ndiyo. Ukibana ganda lenye bega, shaba inakosa pa kwenda, inapanda juu. Kwa .308 urefu wa mwisho ni inchi 2.015, na ukipunguza unarudisha 2.005. Kwa .223 ni 1.760, unarudisha 1.750. Kwa .30-06 ni 2.494, unarudisha 2.484. Pima baada ya kubana, si kabla.

Ganda refu ni hatari kuliko linavyoonekana. Mdomo wake hugota mwisho wa chemba na kujibana kwenye kichwa, kichwa kikashindwa kuachia, shinikizo likapanda. Ukishapunguza, ondoa makali ya mdomo ndani na nje, la sivyo utaona nyuzinyuzi za shaba zikichunwa kwenye kichwa unapokiweka.

Bastola ya 9mm: risasi zinakwama nusu safari.

Toa mtutu kwenye bastola, ushike mdomo ukiangalia chini, udondoshe risasi kwenye chemba. Inatakiwa ilie "tok", izunguke kwa kidole, na ukiugeuza mtutu idondoke yenyewe. Isipolia, tumia maka peni (tazama juu).

Kosa la kawaida ni mdomo wa ganda kubaki umepanuka baada ya kuweka kichwa. Mdomo wa 9mm usizidi kipenyo cha inchi 0.380, nyoosha tu ule upanuzi. Usiukunje ndani kama wa bastola ya mzunguko, kwa sababu risasi hii inasimamia mdomo huohuo, na ukiukunja sana haitakuwa na pa kusimama.

Nimenunua gunia la maganda ya jeshi kwa bei ya kutupa.

Unayo kazi mbele. Maganda ya 7.62 ya NATO yaliyotoka kwenye bunduki za rashasha yametanuka sana, kwa kuwa chemba zake ni za kulegea ili zifanye kazi hata zikiwa na vumbi. Kalibu ya kawaida inaweza isiyarudishe chini karibu na kitako, ukahitaji ile inayobana hadi chini zaidi. Mara ya kwanza presi italia kama lango la zizi. Pia fataki zake zimebanwa kwa mkunjo (tazama "Fataki haiingii").

Kingine: kuta za maganda mengi ya 7.62 ya jeshi ni nene, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo. Usihamishe kichwakichwa kipimo cha baruti ulichozoea kwenye maganda ya dukani. Shuka, uanze upya kutoka chini kama kitabu kinavyosema.

Bega limebonyea, kama limeumwa.

Mafuta. Umepaka mengi, yakakusanyika kwenye kalibu, na mafuta hayabanwi, kwa hiyo shaba ndiyo iliyokubali. Futa kalibu, punguza mafuta, usipake begani kabisa. Vibonyeo vidogo visivyo na kona kali hunyooka vyenyewe ukipiga. Chenye mkunjo mkali, tupa ganda.

Na kama bega limevimba nje kama pete?

Hilo hutokea ukiweka kichwa na kukunja mdomo kwa hatua moja, na ganda likawa refu kuliko wenzake. Mdomo unakunja mapema, kichwa bado kinasukumwa, shingo inabeba mzigo na bega linafura. Macho hayalioni vizuri, kalipa inaliona. Tenganisha hatua mbili hizo, au kata maganda yote urefu mmoja.

Ganda limekwama ndani ya kalibu na ukingo umenyofoka.

Pole, karibu kwenye chama. Mimi lilinikuta wiki yangu ya kwanza: nilipaka mafuta maganda tisa, la kumi nikasahau, na nilivyokuwa na haraka nikazidi kulivuta. Ukingo ukakatika, ganda likabaki juu kama meno.

Usilipige nyundo. Toa sindano ya kutolea fataki kadiri inavyowezekana, toboa kitako kwa drili, kata njia za skrubu, kisha livute kwa bolti ya skrubu na wosha. Vifaa hivyo huuzwa kama seti. Siku hizi nikihisi mkono wa presi umekuwa mzito katikati ya safari, nasimama, narudisha, napaka mafuta.

## Nyufa, duara na rangi

Shingo zinapasuka kwa urefu. Maganda yameoza?

Hayajaoza, yamekakamaa. Kila ukipiga shingo inatanuka, kila ukibana inarudishwa, na shaba inayokunjwakunjwa huwa ngumu kama waya unaotaka kuukata kwa mkono. Likipasuka moja katika kundi lenye umri mmoja, mengine yako njiani. Lililopasuka tupa, mengine unaweza kuyalegeza kwa moto.

Kulegeza kwa moto kunafanywaje bila kuharibu?

Shingo na bega zinahitaji kama nyuzi 400 za Selsiasi kwa sekunde chache. Kitako kisifike hata 250. Ukiona kitako kimebadilika rangi, ganda hilo limekufa. Chini hapo ugumu ndio unaoshikilia fataki na shinikizo lote.

Wengi hutumia tochi ya gesi, ganda likizungushwa kwenye drili, katika chumba chenye giza, na kulitoa mara tu mdomo unapotaka kuanza kuwa mwekundu. Rangi ya kupaka inayoyeyuka kwa joto maalumu ni salama zaidi kuliko jicho.

Hapa wengi tumetoka na mafunzo ya mhunzi wa kijijini: panga likitoka motoni huchovywa majini ili liwe gumu. Shaba haiko hivyo. Kuichovya hakuikazi; kunazuia tu joto lisishuke hadi kitakoni. Ukishakilegeza kitako kwa bahati mbaya, hakuna maji yatakayokirudisha.

Kuna duara linalong'aa kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako. Ni nini?

Soma jibu hili lote.

Duara hilo laweza kuwa alama tu ya mahali kalibu ilipoishia, na hiyo haina neno. Laweza pia kuwa ukuta wa ganda umekonda kwa ndani, unakaribia kukatika vipande viwili. Kwa nje yanafanana. Tofauti iko ndani.

Chukua klipu ya karatasi, inyooshe, kunja ncha yake kama ndoano fupi, inoe kidogo. Iingize hadi chini, kisha ivute juu polepole ikigusa ukuta. Ganda zima litateleza kama kucha kwenye glasi. Ganda lililokonda, ndoano itaingia kwenye mfereji na kunasa, "tik", sentimita moja hivi juu ya kitako. Ukihisi kunasa huko, hata kwa mbali, ponda mdomo wa ganda kwa koleo ili mtu mwingine asiliokote, kisha litupe. Na ganda moja likiwa hivyo, kagua kundi zima siku hiyohiyo.

Chanzo karibu kila mara ni kusukuma bega chini kupita kiasi (tazama swali la maelekezo ya kalibu). Risasi ikipigwa, mbele ya ganda hushika chemba na kitako hurudi nyuma kutafuta bolti, na shaba ya katikati ndiyo inayonyooshwa. Rudia hivyo mara nne tano, pamekwisha.

Bunduki yangu ni Lee-Enfield ya .303 na maganda hukatika mara ya tatu. Ni mbovu?

Huenda si mbovu. Chemba za bunduki hizo, zile ambazo babu zetu wa KAR (jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) walizibeba, zilitengenezwa kubwa kwa makusudi ili zimeze risasi chafu vitani. Jeshi halikufikiria mtu wa kujaza maganda upya. Kalibu ya kubana mwili mzima inalirudisha bega mbali mno na bega la chemba.

Bana shingo tu, acha bega lilivyokaa baada ya kupigwa, na tumia maganda hayo kwenye bunduki hiyo moja. Bado mpelekee fundi wa silaha apime hedispesi. Lee-Enfield ya toleo la No. 4 ina vichwa vya bolti vya saizi kuanzia 0 hadi 3 kwa ajili hiyo.

Na .375 H&H yenye mkanda?

Ni ugonjwa huohuo. Risasi hii ni ya 1912, na kwa karatasi inasimamia mkanda, kwa hiyo chemba nyingi zimelegea begani. Baada ya kuipiga mara ya kwanza, usahau mkanda, ichukulie kama risasi ya bega na uibane kwa kipimo cha bega. Ndoano ya klipu uipitishe mbele kidogo ya mkanda, hapo ndipo panapokonda. Anayekwenda kwenye nyati achukue maganda mapya. Zilizojazwa mara tano ni za kufanyia mazoezi.

Nimeyasafisha kwa siki, yamekuwa ya waridi.

Asidi imechuna zinki na kuacha shaba nyekundu juu. Ukiyaacha dakika chache ni rangi tu. Ukiyasahau usiku kucha, uso umedhoofika, na mimi nisingeyaamini. Kijani kinachofutika kwa kitambaa hakina shida. Kijani kilichoacha vishimo, tupa.

Dawa ya kung'arishia shaba ya jikoni je?

Soma kibandiko. Ikiwa na amonia, iache kwa masufuria. Karne ya 19 jeshi la Waingereza kule India lilikuta maganda yake yakipasuka yenyewe ghalani wakati wa mvua za msimu, bila kupigwa. Yalikuwa yamehifadhiwa karibu na mazizi, na amonia ya mkojo wa farasi ilikuwa ikiingia kwenye shaba iliyokazwa. Maelezo kamili ya kitaalamu yalipatikana 1921. Kile kisa cha farasi kinaweza kujirudia ndani ya kopo lako la dawa.

## Fataki

Fataki inaingia bila kuhisi kitu mkononi.

Shimo limetanuka. Fataki nzuri hukupa upinzani wa sawasawa hadi inapogota. Ikiteleza kama kidole kwenye siagi, ganda limekwisha, hata shingo iwe ya kupendeza kiasi gani. Hakuna dawa. Na ikiwa ganda limejazwa mara moja au mbili tu, jiulize kuhusu baruti yako: mashimo hayatanuki mapema bila shinikizo kubwa.

Fataki haiingii, inapondeka pembeni.

Ni mkunjo wa kijeshi. Kiwanda kilikunja shaba juu ya fataki isichomoke kwenye rashasha, na ulipoitoa, mdomo wa mkunjo ulibaki. Utoe kwa kuusukuma kwa kifaa cha kubana au kuukwangua kwa kikatio. Ukikwangua, acha mara tu mkunjo unapoisha. Wengi hukwangua hadi wakalipanua shimo, wakahama kutoka tatizo hili kwenda lile la juu.

Kama maganda ni ya .45, angalia kwanza shimo lenyewe. Siku hizi kuna ya fataki kubwa na ya fataki ndogo, na kwenye ndoo yanachanganyika.

Fataki imebapa. Nimezidisha baruti?

Labda. Fataki laini hubapa hata kwa shinikizo la kawaida, na ganda lililobanwa kupita kiasi huibapaza kwa sababu kitako hurudi nyuma kwa nguvu. Ukiona fataki bapa pamoja na bolti nzito kufunguka, au alama inayong'aa ya kitoaji (kipini kinachorusha ganda nje) kwenye kitako, acha kupiga siku hiyo. Zilizobaki zibomoe nyumbani kwa nyundo ya kutolea vichwa.

## Kusafisha

Maji na pini za chuma, au magunzi ya mahindi yaliyosagwa?

Pini hung'arisha hadi ndani ya shimo la fataki, lakini ukizungusha saa nyingi hupiga midomo ya maganda ikawa minene. Hesabu pini zinazobaki: mbili zikijibana kwenye shingo ya .223 huzioni bila tochi. Kausha vizuri sana. Ganda lenye tone la maji huua baruti, na risasi inayowaka nusu huacha kichwa katikati ya mtutu.

Magunzi ni ya polepole na yana vumbi, na vumbi hilo lina risasi ile ya metali iliyotoka kwenye fataki. Fungulia nje ya nyumba, nawa mikono kwa sabuni, usizungushie jikoni na watoto wakipita. Kung'aa kwenyewe hakuongezi usahihi wowote. Nasafisha ili nione nyufa.

## Mengine yasiyo ya kila siku

Nusu ya ganda imebaki ndani ya chemba.

Hakikisha bunduki haina risasi nyingine. Kipo chombo cha kutolea ganda lililokatika: unakiingiza kama risasi, kinashika mdomo wa kipande, bolti ikifunguka kinatoka nacho. Usikwangue kwa bisibisi. Ukikwaruza chemba, kila ganda la baadaye litashikilia mkwaruzo huo.

Risasi kamili imekwama, bolti haifunguki.

Elekeza mtutu mahali salama, wote wakae nyuma yako, kidole mbali na kifyatulio. Usipige bolti kwa nyundo wala kugonga kitako sakafuni. Ikishindikana kwa nguvu ya mkono, mwite msimamizi wa uwanja au fundi wa silaha. Nimeona mzee wa heshima zake akiisukuma risasi kwa fimbo kupitia mdomo wa mtutu, mkono wake ukiwa juu. Haikulipuka. Hakuna aliyezungumza kwa dakika nzima.

Niko Marekani kwa viza ya masomo. Naruhusiwa hata kukusanya maganda matupu?

Kuwa mwangalifu hapa. Kwa sheria ya shirikisho, neno "risasi" linajumuisha ganda, fataki, kichwa na baruti, kila kimoja peke yake. Na mtu aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji, mathalani mwanafunzi, mtalii au hata mfanyakazi wa H-1B, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa awe na mojawapo ya misamaha iliyotajwa, kama leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye green card hamo kwenye katazo hilo. Majimbo yana sheria zake juu ya hiyo, kwa hiyo muulize mwanasheria kabla ya kuinama kuokota.

Naweza kuwajazia marafiki kwa malipo kidogo?

Kujaza kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho. Kutengeneza risasi kwa biashara kunahitaji leseni ya mtengenezaji, ile ya aina ya 06. Na hata bure, risasi iliyobanwa kwa kipimo cha chemba yako si lazima ifae chemba ya rafiki.

Nimtumie ndugu yangu Arusha maganda ndani ya sanduku la nguo?

Hapana. Vipuri vya risasi vina masharti ya kusafirishwa kutoka Marekani, na Tanzania na Kenya risasi ni mali ya leseni. Ndugu yako aulize polisi kitengo cha silaha na anunue kwa muuzaji aliyesajiliwa kwao. Wewe mtumie kalipa.